Mumbai na Chennai Si Mbali

Watu walipanda ngazi zetu pale Fordsburg, Johannesburg, wakijua watatukanwa. Walipanda hata hivyo, kwa sababu huko juu, upande wa pili wa ukuta wa mbao uliotenganisha cherehani yangu na meza yake, alikaa mwanamke aliyeweza kukutafutia tiketi ya Asia kwa bei ambayo hakuna mwingine mjini aliyeiweza. Wote walimwita Mama wa Tiketi. Mimi nilimwita Mama tu, naye aliniita Fundi. Tulipanga pamoja chumba kile, juu ya duka la vitambaa, kwa miaka mingi kuliko niliyoishi na mume wangu.

Hakuwa mtu wa kelele. Alitukana kwa sauti ndogo, kama anayekusomea bei, huku akibofya kompyuta na kutafuna karafuu. Akipewa pasipoti alitazama picha, kisha mwenye picha, kisha picha tena. "Hii ulipigwa kabla ya ajali au baada?" Mama mmoja mnene wa Lubumbashi, aliyekuwa akienda China kununua viatu vya jumla, aliulizwa kama akatiwe siti moja au mbili. Kijana wa Kikenya, mfanyakazi wa benki huko Sandton, alikuja na suti ya kijivu iliyomkaa vizuri sana. "Suti nzuri," Mama akamwambia. "Mwenyewe hajaidai bado?"

Waliokuwa kwenye benchi wakisubiri walicheka. Nilikuwa nikikisikia kicheko kile kutoka upande wangu, na baada ya muda nikakifahamu. Kilikuwa kicheko cha watu ambao zamu yao imeshapita, au wanaoomba isifike.

Hata mimi sikuachwa. Siku mume wangu aliponihama na kwenda kuishi na mwanamke wa Durban, nilifika kazini macho yamevimba. Mama akachungulia kwenye mlango wa ukuta wetu, akaniangalia juu mpaka chini. "Fundi, gauni ulilokuwa ukivaa nyumbani ndilo hilo? Basi mwanamume wa watu amevumilia sana." Niliinama kwenye cherehani nikalia upya. Mchana akafunga ofisi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya mumewe, akanishika mkono, akanipeleka kwenye mkahawa wa chini. Aliniagizia biriani ya kondoo, akakaa mbele yangu bila kusema neno mpaka nilipomaliza sahani. Kisha tukapanda tena, akaendelea na wateja wake. Mpaka leo mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, sijui nianze na gauni au na biriani.

Nyuma ya kiti chake palikuwa na ramani kubwa ya Asia. Zamani ilikuwa ramani ya dunia nzima, akaikata kwa mkasi wangu akaacha upande mmoja. Alisema Afrika watu wanapanda basi, na Ulaya hawapewi viza, kwa hiyo haoni sababu ya kupamba ukuta kwa vitu asivyouza. Mtu akitaka kujua habari za safari, Mama hakugeuka hata kutazama. Alinyoosha mkono nyuma ya kichwa chake na kupima kwa vidole. Dubai mpaka Guangzhou ilikuwa shibiri na kidogo. Mumbai mpaka Bangkok, vidole vinne. Ukimuuliza hiyo shibiri ni saa ngapi angani, alikwambia bila kukosea, na angekwambia pia utakula mara ngapi na utashukia mlango gani. Lakini ilikuwa lazima umuulize. Huo ndio ulikuwa mtindo wake. Alijibu swali lile ulilouliza, jibu halikuzidi wala halikupungua, na aliyeuliza vibaya alimwacha aende na ujinga wake.

Mwajuma alilijua hilo kwa mgongo wake. Alikuwa mwenzetu wa Dar, muuza nywele za bandia, mwanamke mwenye maringo lakini asiye na ubaya. Alikuja siku moja akizungusha ufunguo wa gari jipya kidoleni, akasema anataka kwenda Dubai kwanza, halafu Guangzhou, na tiketi iwe rahisi. Mama akauangalia ule ufunguo ukizunguka. Akamkatia. Kutoka Dubai hadi Guangzhou kwa ndege ya moja kwa moja ni saa saba na kitu. Mwajuma alipitishwa Colombo, akalala sakafuni uwanja wa ndege, akapelekwa Kuala Lumpur, akalala tena kwenye viti, na alipofika Guangzhou miguu ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa. Aliporudi alipanda ngazi zetu akiwa tayari kwa vita.

"Mama, umenifanya mzigo. Karibu siku mbili njiani."

"Ulisema rahisi," Mama akamjibu. "Hukusema fupi. Kuna rahisi kuliko hiyo?"

Mwajuma akaanza kucheka. Sote tukacheka. Kile kisa kilisimuliwa kwenye saluni zote za Berea, mtaa wetu wageni, na Mwajuma mwenyewe ndiye aliyekisimulia vizuri zaidi. Hakuna aliyejiuliza ingekuwaje kama mtu mwingine, asiye na nguvu za Mwajuma, angeuliza vibaya.

Nyumbani kwake nilikwenda mara chache. Mumewe alikuwa mmoja wa wale Waafrika Kusini waliokimbilia Tanzania wakati wa ubaguzi, wakaishi Morogoro, wakaoa huko, na uhuru ulipopatikana wakarudi kwao na wake zao. Wenzake walipata vyeo. Yeye alipata nyumba ndogo Soweto na kiu isiyokatika. Mama alimwita Mheshimiwa. "Mheshimiwa jana amelala getini na viatu mkononi," alisema akifungua kompyuta asubuhi, kwa sauti ileile ya bei. Walizaa mtoto mmoja wa kiume. Alielewa Kiswahili chote na hakukisema hata kidogo. Alipokuwa akipiga simu ofisini, Mama aliongea Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yao yalikwenda hivyo bila kugongana, kama magari mawili kwenye barabara mbili. Akikata simu, Mama alisema, "Mzungu wangu anawasalimu." Mtoto alikuwa hajatusalimu.

Na ni nyumba hiyohiyo ya Soweto iliyotuokoa, miaka ile vijana walipokuwa wakipita mitaani na marungu wakiwatafuta wageni. Jengo letu la Berea lilikuwa limevamiwa. Mama alinipigia simu akasema, "Njoo na hao wenzako wanaonuka pondu, wahuni wasije wakaniulia fundi." Tukaenda, mimi na familia mbili za Wakongo, ambao kisamvu wao hukiita pondu, tukajibana kwenye chumba cha uani. Kesho yake asubuhi kundi likasimama getini. Tulisikia fimbo zikigonga vyuma. Mheshimiwa alikuwa amelala, hakuamka. Mama akatoka peke yake, amejifunga kanga, mswaki mdomoni.

Alizungumza nao Kizulu, polepole. Akamuuliza kiongozi wao ni mtoto wa nani. Alipotajiwa, akasema aa, bibi yako nilimfahamu, alikuwa akija kuomba sukari kwa yule mwenye spaza, kile kiduka cha pale kona, na hakuwa na hela, na nikikutazama hiyo pua nakumbuka sura ya mwenye spaza. Halafu mmoja wao akacheka, na mwingine, na kucheka kukaenea kundi zima isipokuwa yule kijana, ambaye aliondoka kwa haraka akiwatangulia wenzake, nao wakamfuata wakiendelea kumtania. Mama akarudi ndani, akatema povu la mswaki kwenye karo, akafungua mlango wetu. Watoto walikuwa wakitetemeka na mama zao wamewaziba midomo.

"Wamekwenda," akasema. "Atakayeingia chooni avute maji mara mbili. Mnanuka woga."

Ulimi huohuo. Nimejaribu mara nyingi kuutenganisha kuwa ndimi mbili, mmoja wa kuokoa na mmoja wa kuumiza, na sijaweza.

Mara moja tu aliniambia habari zake mwenyewe. Ilikuwa siku ya mvua ya mawe, wateja hawakuja, umeme umekatwa, tumekaa gizani upande wangu wenye dirisha. Nilimuuliza kwa nini alikubali kuja nchi hii. Akasema mumewe alipomposa, yeye aliuliza swali moja. Aliuliza, "Kwenu ni mbali?" Na yule mwanamume akajibu, "Si mbali." Baada ya hapo alikwenda nyumbani mara moja katika maisha yake yote ya ndoa, kwenda kumzika mama yake, na alifika mama ameshazikwa. "Si kosa lake," akasema. "Mimi ndiye niliyeuliza kama mtoto. Mbali ni nini? Mtu mzima huuliza njia ipi, nauli kiasi gani, saa ngapi. Anayeuliza mbali anataka kubembelezwa." Akasikiliza mawe yakipiga bati. Siyaelezi haya ili nimtetee. Wako wengi waliodanganywa hivyo, na hawakumlipizia mtu asiyehusika.

Sasa nimsimulie Furaha.

Alikuwa msichana wa darasa la tatu, mtoto wa pekee wa mlinzi mmoja kutoka Uvira ambaye sote tulimwita Baba Furaha. Mkewe alikuwa amefariki. Alilinda maegesho ya magari ya jengo moja kubwa la Sandton, na suruali zake za kazi nilizipunguza mimi, kwa sababu kampuni yao iliwapa zote za ukubwa mmoja. Furaha alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akitembea kidogo midomo ilikuwa ya bluu. Ngazi zetu baba yake alimpandisha mgongoni. Hospitali ya hapa ilikuwa imewaambia wasubiri zamu, na zamu haikuonekana. Kisha mchungaji wao akapata hospitali huko Chennai, India, iliyokubali kumpasua, na kanisa zima likachanga.

Siku waliyokuja kukata tiketi, Furaha alikaa upande wangu akipanga vifungo kwa rangi. Alinisemesha kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, nami nikamjibu kwa Kiswahili. Alitaka kujua kama ndege ina choo. Nikamwambia amuulize Mama. Akaenda mpaka mlango wa ukuta, akauliza. Nilidhani atatukanwa.

"Kipo," Mama akamwambia. "Ukivuta maji kinanguruma kama simba. Usiogope, kimefungwa."

Mtoto alicheka mpaka ikabidi baba yake amkalishe chini apumue.

Halafu nikasikia Baba Furaha akiuliza. "Mama, hii ya kufika Chennai iko na bei mingi. Hii ya Mumbai iko chini. Kutoka Mumbai kuenda Chennai ni mbali?"

Nilisikia karafuu ikipasuka menoni.

"Si mbali," Mama akasema. Kiti chake kikalia alipogeuka kuelekea ramani. "Kidole na nusu. Ona mwenyewe."

"Aa," Baba Furaha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Kumbe ni hapa tu. Kama hapa na Pretoria. Tutachukua teksi."

Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mashine ikaanza kuchapa tiketi. Mimi nilikuwa nashona zipu. Kwangu Mumbai na Chennai yalikuwa majina mawili ya India tu. Kumbe ni mbali kama Johannesburg na Cape Town. Kwa ndege ni saa mbili. Kwa treni ni siku nzima na zaidi. Tiketi ya kuunganisha mpaka Chennai ilikuwepo kwenye kompyuta ile, na tofauti ya bei kanisa lingeichanga Jumapili moja kama lingeambiwa.

Simu ilikuja mchana wa siku waliyofika India, benchi limejaa. Mama alikuwa akila, kwa hiyo aliiweka kwenye spika.

"Mama, niko uwanja wa ndege, Mumbai. Shofere anasema Chennai haiko hapa. Ananicheka. Anasema ni kupanda ndege ingine, saa mbili."

"Basi panda ndege."

"Sina tena feza ya ndege, Mama."

"Panda treni."

"Treni wanasema ni leo mpaka kesho. Na huku joto ni kali. Mtoto amechoka, Mama, eko anapumua vibaya."

Mama akameza. "Wewe si mlinzi?" akasema. "Umezoea kukesha. Mara hii utakesha umekaa."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Alikuwa amezoea, kicheko kikamtoka chenyewe, halafu akakikata katikati. Simu ilibaki wazi kidogo, tukasikia matangazo ya lugha nyingine na sauti ya Furaha ikiuliza kitu. Kisha ikakatika. Mama akamalizia chakula chake. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Akaniambia, bila kuinua uso, "Rudi kwenye zipu yako, Fundi."

Walipanda treni. Behewa lilijaa watu mpaka milangoni. Baba Furaha alisimama karibu njia yote ili mtoto alale kwenye nafasi yake, akimpepea kwa bahasha ya picha za eksirei. Walifika Chennai, hospitali ikawapokea vizuri, lakini Furaha alikuwa na homa na maji kwenye mapafu. Madaktari wakasema hawawezi kumpasua akiwa hivyo, wasubiri apate nguvu. Hakupata nguvu. Alifariki wiki ya pili. Baba yake alipouliza kama ni safari iliyomuua, daktari alimjibu kwamba huenda ni safari, na huenda ni moyo wenyewe ulikuwa umeshachoka, na kwamba hakuna atakayeweza kujua. Alimzika kulekule, kwenye makaburi ya kanisa moja ambalo hakulijua jina, kwa sababu kumrudisha hakungewezekana.

Alipokuja ofisini kwetu, habari zilikuwa zimemtangulia. Watu walijaa ngazini. Wanawake wa kanisa lake walisimama mpaka chini barabarani, na wenye maduka wakatoka nje kutazama. Mimi nilificha mkasi. Baba Furaha aliingia amevaa sare ya kazi, akavua kofia, akasimama mbele ya meza.

"Nionyeshe," akasema.

Mama akageuka kwenye ramani. Akaweka kidole Mumbai, kingine Chennai. Baba Furaha akasogea, akaweka vidole vyake palepale Mama alipoondoa vyake. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Ulijua ni hivi?"

"Nilijua."

"Na sababu gani haukuniambia?"

Ningekuwa mimi ningesema uongo. Mtu yeyote angesema nilisahau, nilichanganya, nisamehe. Mama akatoa karafuu mdomoni, akaiweka kwenye kisosi.

"Uliuliza kama ni mbali," akasema. "Hukuuliza ni saa ngapi."

Nilisubiri ampige. Wote ngazini walisubiri. Baba Furaha akavaa kofia, akairekebisha kama mtu anayerudi kazini, akashuka. Watu wakampisha. Mmoja wa wale wanawake wa kanisa aliingia akamtemea Mama mate usoni, na Mama akajifuta kwa kanga akasema, "Anayefuata."

Hakukuwa na anayefuata. Wakongo wote walimkimbia, na Watanzania kwa aibu wakawafuata. Benchi lilikaa tupu msimu mzima. Halafu nauli zikapanda, na mawakala wengine wakashindwa, na siku moja nikasikia hatua ngazini. Alikuwa mama wa Lubumbashi, yule wa viatu. Akauliza tiketi ya Guangzhou kwa sauti ya chini, akitazama sakafu. Baada yake wakaja wengine. Katika mwaka mmoja benchi likajaa kama zamani, na yule mwanamke aliyetema mate alikaa pale naye akisubiri zamu. Sasa lakini walijifunza kuuliza. Walikuja na maswali yao wameyakariri: saa ngapi, mji gani katikati, uwanja uleule au mwingine. Mama aliwajibu yote. Sijamwona akijivunia hilo, na sijamwona akilionea haya.

Mwishowe hawakumshinda watu, zilimshinda simu. Kila mtu akaanza kujikatia tiketi mwenyewe kwenye kiganja chake. Mama akaniachia chumba chote, akaondoka na kompyuta yake. Mheshimiwa alikuwa ameshakufa. Sukari ikamshika, mguu ukakatwa chini ya goti, na mtoto wake akauza nyumba ya Soweto akampeleka kwenye nyumba ya wazee, upande wa mashariki wa jiji.

Mwaka jana akanipigia simu. Alitaka gauni. Yote aliyokuwa nayo yalikuwa yamemzidi.

Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, katika chumba cha vitanda vinne, na wenzake watatu wakitazama televisheni iliyozimwa sauti. Alikuwa amebaki nusu yake. Muuguzi mmoja aliniambia Kizulu cha huyu bibi ni kikali, wamechoka naye. Mama akasema, "Fundi, umezeeka vibaya," nami nikajisikia nimefika nyumbani.

Nikatoa utepe nikaanza kumpima. Mabega yalikuwa mifupa. Nilipopiga magoti kupima urefu, aliniambia lifike chini kabisa, lifunike. Nikiwa pale chini, bila kuonana naye uso kwa uso, nikamuuliza swali nililokaa nalo miaka yote.

"Mama, yule mtoto. Ungepungukiwa na nini kama ungemwambia baba yake?"

Hakujifanya haelewi.

"Yule mtoto alikuwa anakufa," akasema. "Ulimwona midomo. Angekufa hapa, angekufa kule. Na baba yake angekaa maisha yake yote akijiuliza amekosea wapi. Mimi nimempa mtu wa kumchukia. Chuki inamwinua mtu asubuhi, Fundi. Inamvalisha na kumpeleka kazini."

"Hayo umeyafikiria baadaye."

"Ndiyo, baadaye. Hapa muda ninao."

Nikaandika kipimo. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimkumbuka akimeza chakula simu ikiwa mezani, na sikunyamaza.

"Hakuchukii," nikamwambia. "Anakuja kwangu na suruali zake kila mwaka. Hajawahi kukutaja hata mara moja."

"Muongo."

"Kweli ya Mungu."

Mikono yake ilikuwa juu ya magurudumu ya kiti. Niliiona ikikaza, kiti kikasogea kidogo na kurudi. Wenzake wa chumbani waliendelea kutazama picha zisizo na sauti. Alipozungumza tena haikuwa ile sauti ya kusoma bei.

"Mwambie aje hapa."

"Hatakuja, Mama."

"Basi mwambie nilijua. Mwambie niliona bei zote mbili kwenye kompyuta, nikachagua."

"Anajua. Ulimwambia mwenyewe."

"Mwambie tena," akasema.

Gauni nililimaliza nikampelekea. Alilivaa mara moja, wakamzika nalo.

Baada ya mazishi nilikwenda Sandton. Baba Furaha alikuwa kwenye kibanda chake cha getini, nywele zimeingia mvi chini ya kofia. Nikamwambia Mama wa Tiketi amefariki, na kwamba alituma maneno. Nikamwambia maneno yote kama alivyoyasema, hata lile la bei mbili na kuchagua. Alinisikiliza huku macho yake yakifuata magari, kama kazi yake inavyotaka.

"Yule mama aliuza tiketi tu," akasema. "Mtoto nilimbeba mimi."

Gari lilikuwa limesimama mbele ya kizuizi, dereva anapiga honi. Baba Furaha akabonyeza kitufe, chuma kikapanda, akainua mkono kumsalimu.